Alhamisi za Maman Victorine

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, saa kumi na moja jioni, Maman Victorine Mujinga atafunga droo ya meza yake katika ofisi ya safari ya Voyages Lammerant, hapa Saint-Gilles, Brussels, na Jumatano hatakuja kuifungua. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na minne na miezi mitatu ya kazi. Sisi tunaobaki tumekubaliana kwamba droo hiyo haitaguswa kwa wiki moja, maana humo ndani kuna biskuti siku zote, na tukizikuta tutasikitika.

Wakubwa wameandika wasifu wake kwa Kifaransa, na mmekwisha kuusoma ukurasa wa pili wa ratiba hii. Huu wa Kiswahili ameuomba mwenyewe, kwa ajili yenu ndugu zake wa Evere, Laeken na Saint-Gilles mliojaa leo katika ukumbi wa parokia. Kazi ya kuuandika akanipa mimi, Burhani wa meza ya tiketi, mtu wa Kigoma. Miaka tisa tumekaa meza jirani, na miaka tisa Kiswahili changu amekiita Kiswahili cha redio. Kwa hiyo mkiona nimeandika kama mtangazaji, mjue nimeshasemwa vya kutosha.

Alizaliwa Likasi, upande wa Lubumbashi, mwaka 1937. Alijifunza kupiga chapa kwa masista, akafanya kazi katika ofisi ya mgodi, kisha akaja Ubelgiji pamoja na mumewe, marehemu papa Banza, aliyekuwa akisomea uhandisi. Machi 1974 mzee Lammerant alimwajiri kwa wiki mbili tu, kushika nafasi ya karani aliyevunjika mguu. Mguu ulipona. Karani aliporudi alikuta mafaili yamepangwa, simu zinajibiwa kabla hazijalia mara ya tatu, na wateja wamejaa hadi mlangoni, ikabidi atafutiwe meza nyingine. Maman akabaki.

Kwa miaka karibu ishirini kazi yake kubwa ilikuwa tiketi za Kinshasa na Lubumbashi. Wengi wenu mnaikumbuka mizani yake ya bafuni, aliyoileta kutoka Evere kwenye basi, ameipakata mapajani. Hakuna aliyekabidhiwa tiketi kabla sanduku lake halijapimwa. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima mwenye tai amepiga magoti sakafuni, anatoa sufuria moja baada ya nyingine, huku Maman amemsimamia kimya, mikono kiunoni. Wapo waliomnunia. Lakini mteja wake hakuwahi kuaibika uwanja wa ndege wa Zaventem kwa kumwaga vitu vyake mbele za watu, na hilo ndilo alilokuwa akilipigania.

Kasoro anazo, na nimeruhusiwa kutaja moja. Kompyuta ilipoingia ofisini mwaka 1991, aliifunika kitambaa cha meza chenye maua kwa muda wa miezi mitano. Siku aliyoifunua alijifunza yote kwa asubuhi moja, kisha akaanza kutusahihisha.

Sasa niwaeleze habari ya wale Wabelgiji kumi na mmoja mnaowaona safu ya mbele, ambao tangu mmeingia mnajiuliza ni wakwe wa nani. Ilianza Februari 1993, katika maonyesho ya utalii pale Heysel. Ulikuwa mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya watu wa asili wa dunia. Banda kubwa la Australia lilikuwa na kanguru wa plastiki anayetikisa kichwa, na watu wamelizunguka. Mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na vyoo, palikuwa na meza ndogo ya Waaborijini wawili waliotoka Kimberley, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo: mama mmoja aitwaye Merle, na kaka yake mkubwa. Waliosimama mbele yao walikuwa wakiuliza choo kiko upande gani.

Maman alikuwa amevaa viatu vipya na miguu inawaka moto. Aliomba kiti, akakaa nao saa tatu. Kiingereza chake ni cha tiketi: tarehe, saa, mizigo, asante. Akatoa kwenye mkoba beignets zake, ambazo mimi nashikilia kuwa ni maandazi, na yule mzee akala sita. Merle kwao huitwa shangazi hata na watu wasio wa ukoo wake, na Maman alipolielewa hilo akaanza papo hapo kumwita Tantine.

Kidogo kidogo Tantine Merle akamweleza kazi yao. Familia yake hupokea wageni wachache katika nchi ya babu zao, na wanaoongoza ni wao wenyewe. Nchi, kama wanavyoielewa wao, ni ardhi, maji, wanyama na wazee waliotangulia, vyote kwa pamoja, na inaweza kumtambua mgeni au ikamkataa. Kwa hiyo mgeni hakimbilii mtoni. Anasimama, mwenyeji anampaka jasho la kwapa lake kichwani na mikononi ili mahali pale paijue harufu yake, kisha anaita kwa sauti kuwaambia wazee ni nani amekuja na ametoka wapi. Baada ya hapo ndipo wanaanza kutembea. Njia ya siku inaamuliwa na familia asubuhi ile ile. Kuna mahali pa wanawake peke yao, kuna mahali hapapigwi picha, na kuna mahali hapaendwi wala hapaelezwi kwa nini. Waongozaji ni wajukuu wa ukoo, na hilo kwa Merle lilikuwa kubwa kuliko yote: vijana wapate kazi nyumbani, pale lugha yao na nyimbo zao zilipo, wasiende kuzubaa mjini.

Madame Cécile, aliyeirithi ofisi kwa baba yake, alipenda wazo hilo, ila alitaka ratiba ya saa kwa saa. Alijibiwa kwamba siku ya kwanza wataona, na ya pili pia wataona. Maman akamwambia kuwa kwao Likasi vilevile mgeni hadai programu. Anakaa, anapewa maji, anangoja. Wakabishana wiki nzima. Hatimaye tukaanza, Mei 1994, kundi moja kwa mwaka, watu wasiozidi kumi na wanne.

Hapo zikazaliwa Alhamisi. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya safari, Alhamisi saa nane mchana Maman aliwakusanya wasafiri katika chumba cha nyuma, akawapa kahawa na biskuti za spekulosi, akawafundisha kukaa. Ndiyo, kukaa. Walinyamaza robo saa nzima, na aliyeuliza swali kabla ya wakati aliosha vikombe. Katika kundi la mwaka 1996 alikuwemo Monsieur Noé, dereva mstaafu wa tramu kutoka Laeken, ambaye aliosha vikombe mara nne mfululizo. Alipoelezwa habari ya jasho, aliuliza kama limo ndani ya bei.

Kundi hilo lilikuwa katikati ya mafunzo, mwezi Machi, ilipoingia faksi ya Lorna, binti yake Merle. Mzee wao, yule kaka yake Merle, amefariki.

Maman alilia pale pale mezani. Kisha akafanya yote ambayo mtu wa Likasi mwenye adabu hufanya. Alipeleka picha ya mzee ikakuzwe, akaiweka kwenye dirisha la ofisi na mshumaa, na jina lake chini kwa herufi kubwa nyeusi. Alimpigia simu Tantine Merle, na simu ilipopokelewa akalia akilitaja jina la marehemu mara tatu, kama anavyoitwa mtu siku ya kwanza ya matanga. Akaandika rambirambi, jina juu kabisa, watu arobaini tukaweka sahihi, ikaenda kwa faksi. Mwisho akatuma picha nyingine kubwa ndani ya fremu ya mbao. Mtu asiseme alikuwa peke yake. Aliyeibeba ile fremu hadi posta ni mimi, na nilijiona nafanya jambo la maana.

Simu ilikuwa imekatika katikati ya kilio, tukadhani ni mitambo. Zikapita siku tisa kimya. Halafu Lorna akaandika, kwa upole na bila kuzunguka. Kwao mtu akifa jina lake halitamkwi na sura yake haionyeshwi, mpaka familia yenyewe iseme muda umekwisha, ili roho iende zake bila kuitwa irudi. Faksi yetu ilitokea dukani kwenye kijiji chao, mbele za watu, na watu wakatoka nje. Kifurushi kilikuwa kimefika, na hakuna aliyetaka kukishika. Sisi huku tulikuwa tumemwita mzee kwa simu, kwa faksi na kwa posta. Familia imefunga njia, Lorna aliandika. Wageni wa Brussels wasije. Hakusema hadi lini.

Nilimkuta Maman chumba cha nyuma, faksi mkononi. Aliniambia, nami naandika kama alivyosema, bila kukinyoosha Kiswahili chake: "Burhani, kwetu muntu akifa, banaitaka jina yake mpaka sauti inakauka. Sikuyua asema kwao banaiachaka ilale. Donc ni miye njo nilikosa. Haiko Madame, haiko ba kule."

Madame Cécile naye alikuwa na wasafiri kumi na wanne shingoni. Palikuwa na kampuni nyingine upande wa mashariki wa Australia, yenye basi la kiyoyozi, hoteli, na wachezaji jukwaani kila jioni, iliyokuwa tayari kuwachukua wote. Tulijua wazi kwamba kundi hili likihama, na ya mbele yatahama. Kule Kimberley wajukuu wa Merle wataegesha gari na kurudi mjini. Maman aliliona hilo kuliko sisi sote, na alijua mkono uliolisababisha ni wake. Alimwomba Madame muda. Madame akampa hadi mwisho wa Oktoba, baada ya hapo atasaini na wale wa basi.

Picha ya dirishani ilitolewa saa ile ile. Lakini stoo kulikuwa na vitabu vyetu vya matangazo elfu mbili na mia sita, na ukurasa wa saba mzee yumo, anacheka. Jumamosi mbili mfululizo wamama wa kwaya ya Maman, ambao wengi mmo humu ndani, mlikuja na mikasi na gundi, mkakata vipande vya karatasi nyeupe na kuufunika uso ule kitabu kimoja kimoja. Mimi nilishauri tuvichome vyote tupumzike. Maman hakuinua hata macho. "Kitabu iko na kazi yake," akasema. "Ni sura yake tu njo inapumuzika."

Kisha akawapigia simu wasafiri, mmoja mmoja. Aliwaambia safari haipo, kosa ni lake, na kama wanaweza kungoja wangoje, ila tarehe hana. Watatu walikwenda Visiwa vya Kanari, na hatuwalaumu. Kumi na mmoja walikubali.

Kwa Merle alituma mistari miwili tu, bila jina la mtu: kwamba amekosa, na kwamba atakaa kimya mpaka aambiwe. Kisha akakaa kimya kweli. Nyinyi mnamjua. Mwanamke huyu humpigia simu mtu mwenye mafua asubuhi, mchana na jioni. Kumtazama akipita mbele ya simu miezi ile yote bila kuigusa kuliniuma kuliko nilivyomwona akilia.

Mafunzo tulikuwa tumeyasimamisha. Lakini Alhamisi iliyofuata, saa nane, Monsieur Noé alibisha hodi. Alisema anadaiwa vikombe. Tukamkaribisha, akakaa. Alhamisi nyingine akaja na mkewe, halafu wakaja wengine, hadi wakatimia wote. Maman aliwatazama, akanong'ona kwamba haya nayo ni matanga, ila hayana picha wala jina. Kuanzia siku hiyo alikaa nao kila wiki. Walizungumza habari za maharage, magoti na mabasi yanayochelewa. Jina la mzee halikutoka kinywani mwa mtu. Mwanzoni Madame Cécile aliufunga mlango wa chumba kile ili wateja wasiwaone. Mwezi Julai nilimwona anabeba kiti chake mwenyewe kwenda kukaa nao.

Sasa nina jambo la kuungama, na Maman atalisikia leo kwa mara ya kwanza. Septemba ile Lorna alipiga simu kuuliza kifurushi cha fremu kirudishwe kwa anwani gani. Maman alikuwa kwa daktari wa meno. Mimi, ambaye sikuagizwa na mtu, nilimweleza Lorna yote: vipande vya karatasi nyeupe, wamama wa kwaya, watu kumi na mmoja wanaokuja kukaa. Akauliza wanakaa siku gani na saa ngapi, nikamwambia. Akasema atamweleza mama yake. Nilirudisha simu mahali pake, nikaogopa kwa mwezi mzima kwamba nimeharibu mara ya pili. Maman, unisamehe.

Alhamisi ya tarehe 24 Oktoba, ikiwa imebaki wiki moja, wote wakiwa wamekaa, mashine ya faksi ilianza kunguruma. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Niliichukua karatasi nikaisoma mara mbili kabla ya kuingia nayo, maana sikuamini. Merle aliandika kwamba kambi imefukizwa moshi wa kuondoa msiba na njia imefunguliwa. Mvua zikiisha, Mei, wale wanaokaa waje. Na yule mwanamke aliyekosea aje pamoja nao.

Maman alikuwa ameuza tiketi miaka ishirini na miwili bila kusafiri hata mara moja kama mteja. Alikwenda. Sikuwepo, kwa hiyo nawapa kama nilivyopewa na Monsieur Noé. Anasema walisimama kando ya mto, kundi zima, na Maman amejificha nyuma kabisa pamoja na mwili wake wote, jambo ambalo si rahisi. Merle alimfuata huko huko nyuma. Alimpaka jasho kichwani, akarudia mara ya pili, kisha akawaita wazee wake kwa lugha yake. Lorna aliwatafsiria wageni baadaye: huyu ndiye aliyepiga kelele, amejifunza kunyamaza, mpeni njia. Maman alilia, na safari hii hakutoa sauti. Siku tatu alikaa na wanawake wa ukoo mahali ambapo hadi leo hataki kunieleza, na nimeacha kuuliza.

Mwaka huu tunapeleka makundi mawili. Wajukuu walioanza kuongoza wakiwa wawili sasa ni watano, na familia nyingine ya upande wa chini wa mto ule imetuandikia ikitaka kupokea wageni kwa masharti yake. Madame Cécile hadai tena ratiba. Siku hizi yeye ndiye anayewaeleza wateja kwa nini haipo. Alhamisi nimekabidhiwa mimi, nami nimeonywa kwamba nasema sana.

Maman Victorine, tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya na kwa namna ulivyoifanya. Umetufundisha kwamba mtu akikosea anasema ni mimi, kisha anabaki pale pale hadi yatengenezeke. Nenda ukapumzike Evere, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Tutakukumbuka kila siku ya kazi, na tunakuombea afya, furaha, na miaka mingi yenye watu wa kukaa nawe.

Limebaki jambo moja, nalo Maman analijua tangu juzi. Wiki mbili zilizopita Tantine Merle alituletea faksi. Familia imekutana na muda umekwisha. Mtoto wa kiume wa ukoo, aliyezaliwa mwezi Aprili, amepewa jina la mzee, na sasa jina linaruhusiwa kutamkwa popote. Merle anasema huko Brussels jina hilo lilipigiwa kelele kabla ya wakati wake, na Victorine ndiye aliyelipigia. Kwa kuwa wakati wake umefika, anaomba Brussels walisikie kwanza kutoka kwa Victorine, na mwingine asimtangulie. Ndiyo sababu humu sijaliandika.

Basi, Maman, simama. Tunakusikiliza.